Redio ya Kiti cha Nyuma

Vifuniko vya viti vilishonwa baada ya mazishi. Hilo ndilo jambo la kushika. Mengine yote watu wanaweza kuyabishia.

Mama Kasuku alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule sebuleni kwake, na baada ya kumzika Kasuku, binti yake wa pekee, alikaa muda mrefu bila kuigusa mashine. Kisha asubuhi moja akalifuata gari la mumewe akiwa na futi ya kupimia, akapima viti, akakata kitambaa cha kijivu chenye mistari, akashona vifuniko vipya kana kwamba gari ndilo lililofiwa. Mistari ya kiti cha nyuma ilipinda. Aliiona, akaiacha. Mumewe naye aliiona, akanyamaza, maana ndoa ikikomaa humfundisha mtu yapi ya kusema na yapi ya kumezea.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mkewe, isipokuwa akikasirika. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa na breki mbili: moja ya anayejifunza, ya pili upande wa abiria, ya Mwalimu mwenyewe, kwa ajili ya kuzuia misiba. Redio ilikuwa ya kizamani, ya kaseti, haina tundu la waya wala la flashi. Ndiyo maana Kasuku alinunua kirusha mawimbi: kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, kinachounganishwa kwa waya na kicheza muziki, kikazirusha nyimbo hewani hatua chache tu, redio ya gari ikazidaka kama inavyodaka stesheni yoyote. Sharti lake ni moja. Lazima uchague masafa yasiyo na mtu.

Kasuku alizungusha kitufe hadi mwisho kabisa wa kushoto, nje ya stesheni zote, mahali penye mvumo mtupu.

"Hapa," alisema. "Hapa hapana mwenyewe. Tunahamia."

Hakuna aliyekumbuka kwamba nyumba isiyo na mwenyewe ndiyo yenye mwenyewe.

Aliitwa Kasuku tangu alipojifunza kusema, kwa sababu hakuwahi kujifunza kunyamaza. Alitaka kuwa mtangazaji. Baba yake akasema kazi ya mdomo haina pensheni. Basi msichana akafungua stesheni yake mwenyewe. Kicheza muziki chake, kidogo kama kibiriti, kilikuwa na kipaza sauti. Usiku alirekodi maneno akayapachika kati ya nyimbo, na asubuhi, akipewa lifti ya kwenda chuoni huku mwanafunzi wa baba yake akitetemeka kwenye usukani, maneno hayo yalitoka kwenye spika.

"Hii ni Redio ya Kiti cha Nyuma, stesheni pekee yenye wasikilizaji watatu, na mmoja wao amefumba macho barabarani! Wewe uliyeshika usukani, fumbua. Baba, acha kukunja uso, unaiogopesha hata lami. Salamu kwa Mama Mikasi, aliye nyumbani akikata suruali za watoto wa watu."

Mwalimu aligomba kila siku. Wanafunzi walicheka, na mtu anayecheka huachia klachi vizuri kuliko anayeogopa; hilo Mwalimu alilijua, ila hakulikiri hata mara moja.

Kisha ikaja homa iliyojifanya mafua, ikamaliza kazi yake kabla majibu ya maabara hayajatoka. Asubuhi ile Mwalimu alimuaga wodini kwa utani: "Nitarudi jioni. Usiwachoshe wauguzi kwa maneno." Aliporudi jioni, kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Kicheza muziki kikawa ndicho mtoto wa kugawana. Mchana kilikuwa cha baba, garini. Jioni kilikuwa cha mama. Alikisikiliza kwa vispika vya masikioni huku akikunja sare. Walijua kila neno lililomo. Walijua mahali alipokohoa, mahali alipocheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe, na ile pumzi ndefu aliyovuta mwanzoni kabisa, kabla ya kusema "Hii ni". Alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi.

Siku jambo lilipoanza, Mwalimu alikuwa ameegesha gari kando ya barabara akimsubiri mwanafunzi. Jua lilikuwa kali, vioo viko chini, kwenye kibanda cha jirani watu wanabishana kuhusu mpira. Wimbo ukaisha. Sauti ya Kasuku ikaingia pale ilipozoea kuingia.

"Na tumepata vifuniko vipya, wasikilizaji. Huku nyuma mistari imepinda kidogo. Fundi alikuwa analia."

Mwalimu alitazama kioo cha kati. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Ila gari zima, vioo vikiwa wazi na upepo ukipita, lilinuka chumba kilichofungwa muda mrefu: vumbi lililolowa, mbao zilizooza, ubichi wa sakafu ambayo haijakanyagwa na mguu wa mtu.

"Kasuku?" aliuliza polepole.

Ulipita mvumo mfupi.

"Naam, baba."

Mtu mwingine angeruka dirishani. Mwalimu aliweka paji la uso juu ya dashibodi akalia kama ambavyo hakuwahi kulia msibani, na mwanafunzi wake alipofika, alidhani mwalimu amepata habari ya matokeo ya mtihani wake.

Hakumwambia mkewe. Alijiambia kwamba hataki kumtia hofu. Ukweli ni kwamba hakutaka kugawana.

Akaanza kutoka nyumbani mapema na kurudi akiwa amechelewa. Akawa na mazungumzo. Alimwambia Kasuku habari za barabara, za askari, za mwanafunzi mmoja anayepiga honi badala ya kuwasha indiketa. Akamwomba radhi kwa yale maneno ya pensheni. "Usijali, baba," sauti ilisema. "Ulikuwa sahihi, baba." Na Mwalimu, aliyebishana na mtoto yule tangu alipoota meno, hakusita hata kidogo kusikia akikubaliwa. Mwenye njaa haulizi nani kapika.

Jioni moja mkewe alivua vispika vya masikioni, akaviweka juu ya rundo la suruali.

"Mbona umefuta salamu zangu?"

"Salamu gani?"

"Za Mama Mikasi. Hazimo. Ananyamaza, halafu wimbo unaingia."

"Sijagusa kitu."

"Basi zimekwenda wapi, sokoni?"

"Labda kifaa kinachakaa," alisema Mwalimu, akainama kufungua viatu ambavyo alikuwa ameshavivua.

Jioni iliyofuata, utani kuhusu lami haukuwamo. Baadaye, kicheko. Mama Kasuku alisikiliza akiwa amekaza macho kama anayekagua kitambaa kilichopitiwa na nondo: hapa tundu, pale tundu, na kila siku matundu yanaongezeka. Alimshutumu mumewe. Wakazozana kwa sauti za chini, kama wanaozozana karibu na mgonjwa. Na Mwalimu alikuwa anajua. Alikuwa amelisikia lile neno "salamu" garini mchana uleule, lenye mkwaruzo wake uleule mdogo katikati, limeshonwa kwenye sentensi mpya: "Salamu kwako, baba, peke yako." Alilitambua kama mtu anavyotambua shati la mwanawe likiwa limevaliwa na mgeni. Kesho yake akawasha redio tena.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwako muuguzi mmoja, mama mnene, mcheshi, aliyeweza kushona kidonda huku akipiga umbea lakini akiona njia panda anaanza kusali. Walikuwa wamesimama kwenye makutano. Muziki ulikuwa unacheza chinichini.

"Kushoto kweupe, dada," redio ikasema. "Ingia."

Muuguzi akaingia. Lori la mchanga lilikuwa linashuka kutoka kushoto kwa kasi yote ya kilima. Mwalimu alikanyaga breki yake, ile ya kuzuia misiba, nayo haikushuka, ikawa kama kwamba chini yake kuna mguu mwingine, mlaini na wa baridi, unaosukuma juu kwa nguvu zilezile alizosukumia yeye chini, huku honi ya lori ikijaza gari, na harufu ya chumba kilichofungwa ikimjaa mdomoni hata akahisi ladha yake. Dereva wa lori alikata kona hadi kwenye mtaro. Gari dogo lilizimika katikati ya barabara. Hakuumia mtu.

Walipolisukuma pembeni, muuguzi aliketi ukingoni mwa barabara, mikono juu ya magoti.

"Mwalimu, nani kaniambia ingia?"

"Redio hiyo. Matangazo."

"Redio gani inayoona kushoto?"

Mwalimu aligeuka akaliangalia gari.

"Ile sauti naijua," alisema muuguzi. "Sikutaka kukwambia kwamba nilikuwa zamu siku ile. Nilijua ungekataa kunifundisha, ungekuwa unaniona wodini kila ukinitazama. Mimi ndiye niliyekitandika kile kitanda."

Mwalimu alikaa chini kando yake, taratibu, kama anayeshushwa na watu.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, ndugu yangu. Asubuhi alituchekesha, lakini mchana wote hakusema. Mwishoni alivuta pumzi, ndefu, kama anayetaka kutuambia jambo. Sote tukainama kusikiliza." Alifuta macho kwa kiganja. "Ikawa ni hiyo tu. Sasa mtu aliyekufa nikiwa nimemshika mkono hawezi kunielekeza barabarani. Hicho ulichonacho humo ndani kiogope."

Aliondoka kwa miguu, na hakurudi tena kujifunza. Habari husafiri, haikuchukua muda, wanafunzi wengine nao wakapata dharura za kila aina. Gari likabaki na mtu mmoja.

"Afadhali," sauti ilisema. "Tubaki wawili, baba. Funga vioo. Nje kuna kelele."

Betri lilikuwa la kwanza kuchoka. Redio ilikuwa imelinyonya hata gari halikuwaka, na asubuhi moja Mwalimu alilifungua, akalibeba hadi sebuleni, akaliweka kwenye chaja karibu na cherehani. Akatoka bila kusema anakwenda wapi. Adhuhuri Mama Kasuku alimtuma mtu amwite aje kula. Mtu akarudi na kusema Mwalimu yuko garini, uwanja wa mazoezi, haitiki.

Uwanja ule ulikuwa nyuma ya nyumba, kipande cha ardhi tupu kilichopangwa matairi ya zamani. Gari lilikuwa katikati ya jua, vioo vyote juu. Mwalimu alikuwa ameketi upande wake wa abiria, shati limelowa chapachapa, midomo imepasuka, anatabasamu. Mama Kasuku alivuta mlango. Joto lilimpiga usoni kama la tanuri, na ndani ya joto lile kulikuwa na ile harufu, na ndani ya harufu kulikuwa na muziki.

Alisimama. Betri lilikuwa sebuleni kwake. Alilipita alipokuwa anatoka. Waya wake ulikuwa karibu umkwaze.

Muziki ukashuka, kama unavyoshushwa na mtangazaji anayetaka kusema.

"Mama," redio ikasema. "Umekuja. Mama yangu kipenzi, ingia, ufunge mlango. Nimekaa nafasi ya katikati ili mnipate wote wawili. Nisamehe, mama, nisamehe kwa yote."

Na yeye, ambaye alikuwa amekwisha kujua, ambaye alikuwa ameyahesabu matundu kwa masikio yake, aliinua mguu mmoja akauingiza garini, kwa sababu ilikuwa sauti ile, yenye ule mkwaruzo, sauti iliyokuwa ikimwita kutoka bafuni kuomba taulo, na mtu mzima mwenye akili zake timamu anaweza kujua jambo na mguu wake usijue. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa kuufunga mlango kwa ndani. Ndipo neno "nisamehe" likamfikia.

Kasuku angemwomba paka msamaha kabla ya kumwomba mama yake.

Alimshika mumewe kwapani, akamburuta hadi kwenye kivuli cha ukuta, akammwagia ndoo ya maji ya kufulia. Nyuma yao, garini, sauti iliendelea kuita kwa upole, haikasiriki, haipumui.

"Si yeye," alisema Mama Kasuku.

"Najua."

"Unajua?"

"Najua," alisema Mwalimu, maji yakimtiririka kwenye ndevu. "Lakini ananijibu. Wewe unamsikiliza aliyekuwepo. Mimi nilitaka nimuulize kwa nini hakunisubiri."

Mkewe alitaka kumpiga. Badala yake alikaa kwenye matope, akamwegemea, na wote wawili wakawa wanalitazama lile gari jeupe likiongea peke yake juani.

Mganga wa kwanza waliyemwita alikuwa na tangazo kwenye nguzo ya umeme na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Alizunguka gari akipiga chafya kwa mpangilio, akatangaza kwamba ni jini wa ukoo wa kifalme, na kwamba gari litalazimika kulala kwake kwa muda, pamoja na funguo.

"Funguo za nini?" aliuliza Mama Kasuku. "Jini ana leseni?"

Mganga akaondoka akiwa ameudhika kitaalamu.

Akabaki mtu mmoja, na Mama Kasuku alijiuma ulimi kabla ya kumpigia. Dada mkubwa wa Mwalimu, mkunga mstaafu, alikuwa wifi yake, na wawili hao hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Lakini watu walisema mikono ile, iliyopokea nusu ya watoto wa mtaa, ilijua pia kuwatoa wasiokaribishwa.

"Wifi!" alisema Mkunga kwenye simu. "Leo jua limechomoza wapi hata ukanikumbuka?"

"Wifi, sina nguvu za utani."

"Basi ni kubwa. Wewe hata msibani ulikuwa na nguvu za kulikosoa gauni langu. Nakuja."

Alikuja mchana, hana manyoya wala vibuyu. Aliomba beseni la maji na sabuni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, polepole, kucha kwa kucha.

"Humpokei mtu wala humtoi kwa mikono michafu," alisema. "Nielezeni."

Walimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza mdogo wake swali moja tu: masafa yale walipewa na nani.

"Hatukupewa. Yalikuwa matupu."

"Matupu!" Mkunga alitikisa kichwa. "Mtoto hakuwa na kosa, angejuaje. Lakini wewe mtu mzima ulishaona wapi nyumba nzuri ikakaa bure? Jini alikuwamo. Hakuwa na sauti, hawa hawana sauti yao. Mkamletea sauti mlangoni kila siku. Mtoto alipokuwa hai, jini alinyamaza, kwa sababu mwenye mali yupo. Mtoto alipokufa, jini akachukua mkasi." Alimgeukia wifi yake. "Wewe fundi utanielewa. Kila gauni jipya analomshonea huyu baba, kitambaa anakikata kwenye gauni lako. Ndiyo matundu hayo. Akimaliza kitambaa atataka nyinyi wenyewe, mkakae naye humo ndani."

Mama Kasuku alimtazama mumewe. Mwalimu alitazama chini.

Waliingia garini: Mwalimu kwenye usukani, Mkunga upande wa pili, mama nyuma, kwenye mistari iliyopinda. Betri lilikuwa bado sebuleni. Mkunga aliagiza wafunge milango na wasiitikie wakiitwa kwa jina lolote.

Hawakungoja sana. Taa ya redio iliwaka, hafifu, rangi ya maji ya mchele, na mvumo ukaanza.

"Shangazi," sauti ilisema kwa furaha. "Na wewe umekuja kusikiliza!"

"Nimekuja," alisema Mkunga. "Unasema wewe ni mtoto wetu?"

"Ni mimi, shangazi. Huisikii sauti yangu?"

"Naisikia. Nimeizoea kuliko wote. Mama yake alikuwa amezimia kwa uchungu, baba yake alikuwa nje anagombana na ukuta. Mimi ndiye mtu wa kwanza kuisikia." Aliinua mikono yake miwili misafi, viganja juu, kana kwamba kuna kitu kimelazwa hapo. "Basi lia."

Mvumo.

"Lia, mwanangu. Lia kama ulivyolia mikononi mwangu. Kama ni wewe, utakuwa unakumbuka. Sauti ya kwanza."

Ndipo lile jini likatafuta. Walilisikia likitafuta, likipekua ndani ya kila kilichosalia, likitupa kicheko, likitupa kikohozi, likitupa "salamu" na "lami" na "wasikilizaji" na vipande vya nyimbo zilizokatwa vibaya, kasi ikiongezeka, vioo vikiingia ukungu kwa ndani mchana kweupe, kiti cha nyuma kikibonyea pande zote mbili za Mama Kasuku kana kwamba wameketi watu waliobanana naye, wenye mabega ya baridi, na yeye amejishika mdomo asipige kelele, na likajaribu kulia kwa sauti ya Mwalimu liliyoifyonza siku zile za mazungumzo, kilio cha mwanamume mzima kikitoka kwenye spika, likajaribu kwa sauti ya mama, likarudi kwa sauti ya msichana na kutoa mlio mrefu ulionyooka, usio na uhai, kama wa kifaa cha wodini, na katika vyote hivyo hakikuwamo kilio cha mtoto mchanga, kwa kuwa siku ile hakuna mtu aliyekirekodi, kilikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye masikio ya mwanamke mzee mwenye mikono misafi.

"Huna," alisema Mkunga kwa upole. "Ndugu yangu, mzime."

Mwalimu alinyoosha mkono kwenye kitufe.

"Baba," ikasema, na sasa ilikuwa sauti yake hasa, ya karibu, isiyo na mvumo hata kidogo. "Baba, usinizime. Huku giza. Baba, ulisema utarudi jioni."

Mkono wa Mwalimu ulisimama. Kutoka nyuma, mkono wa mkewe ulikuja, wenye vidole vilivyotobolewa na sindano, ukalala juu ya mkono wake. Haukusukuma. Ulilala tu hapo.

"Nilirudi," Mwalimu aliiambia redio. "Mwanangu, nilirudi. Nilikuta kitanda kimetandikwa."

Akazungusha kitufe hadi kikalia.

Ukungu ulifutika kwenye vioo. Kiti kiliinuka. Harufu ikatoka, kama inavyotoka nyumba ikifunguliwa madirisha, na nje mtu alisikika akibishana kuhusu mpira. Mkunga alishuka akaenda kunawa tena mikono, na ni pale tu, ameupa ukuta uso, alipomlilia mtoto aliyempokea. Wifi yake alikwenda akasimama nyuma yake, akamshikia taulo.

Kirusha mawimbi walikivunja kwa jiwe. Redio iling'olewa, kwenye dashibodi likabaki shimo, na Mwalimu akaanza tena kupata wanafunzi, ambao sasa waliendesha kimya, wakizimisha gari mara nyingi zaidi. Mkunga aliwataka wakitupe na kicheza muziki, mbali, majini ikiwezekana, hata kama hakina kitu.

"Hakina kitu," Mama Kasuku alimhakikishia. "Nimekisikiliza chote. Nyimbo tupu."

"Basi kitupe, wifi."

"Nimeshakitupa."

Hakuwa amekitupa, lakini kwamba hakina kitu ulikuwa karibu ukweli. Sauti yote ilikuwa imekwisha, imeliwa hadi kwenye pindo. Ila mwanzoni kabisa, kabla ya wimbo wa kwanza, pale palipokuwa na "Hii ni Redio ya Kiti cha Nyuma", kipande kimoja kilikuwa kimesalia, kwa kuwa hakikuwa neno na jini hakukiona kina faida: ile pumzi. Kasuku anavuta pumzi. Basi.

Jioni, kazi zikiisha, wao wawili hufunga mlango wa jikoni. Hukaa mezani bega kwa bega, kispika kimoja kwenye sikio la baba, kingine kwenye sikio la mama, na hubonyeza. Mtoto wao huvuta pumzi kama anayetaka kuwaambia jambo, nao huinama kusikiliza. Kisha kimya. Hawazungumzi. Hubonyeza tena mara moja, halafu hukizungushia kitambaa cha kijivu chenye mistari na kukiweka chini ya mkasi.

Jana Mama Kasuku alivua kispika akabaki amekishika. Mtu aliyepima vitambaa maisha yake yote hahitaji futi kujua kwamba kitu kimeongezeka. Pumzi ilikuwa ndefu kuliko juzi. Ilifika pale ilipozoea kuishia, ikaendelea kidogo, na mwisho wake kulikuwa na mkwaruzo mdogo wa midomo inayofunguka.

Alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anamtazama yeye.

Alingoja aseme. Mwalimu naye, bila shaka, alikuwa anamngoja.

Kisha Mama Kasuku akakirudisha kispika sikioni, akainama, akabonyeza.